Mwendesha Baiskeli wa Loresho

Mume wangu Kiarie alianza kuendesha baiskeli akiwa na miaka arobaini na saba, na alianza kununua kabla ya kuanza kuendesha. Wiki nzima vifurushi vilikuja nyumbani kwetu Loresho: viatu vyenye vyuma chini ya soli, miwani inayong'aa kama mafuta ya gari yaliyomwagika barabarani, glavu zisizo na vidole, kaptula za kubana zilizoshonewa sponji makalioni. Baiskeli yenyewe ilikuja mwisho. Ilikuwa nyekundu, nyepesi kiasi kwamba ningeweza kuiinua kwa vidole viwili, na aliiweka sebuleni karibu na kabati la vyombo kwa sababu gereji, alisema, ina unyevu. Magari yetu mawili yamelala kwenye unyevu huo miaka kumi na hayajawahi kulalamika.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kushangilia mambo ya Kiarie. Nimeishi naye miaka kumi na tisa. Baba yake alimwachia nyumba za kupangisha Kangemi na Uthiru, na kazi yake ni kupokea simu za wapangaji na kuwaambia fundi wa mabomba atakuja kesho. Mwanamume mwenye nafasi kama hiyo lazima atafute kitu. Kabla ya baiskeli alifuga nyuki. Kabla ya nyuki alikuwa anajifunza Kichina, akafika kwenye salamu. Mimi nina saluni Kenyatta Market. Nasimama kuanzia asubuhi mpaka mteja wa mwisho aondoke, nguo zangu zikinuka mafuta ya nywele na moshi wa nyama choma ya vibanda vya jirani, na nikifika nyumbani sina nguvu ya kumpigia makofi mtu mzima.

Chanzo kilikuwa tumbo. Daktari alimwambia apunguze uzito, na badala ya kupunguza chapati akajiunga na kikundi cha waendesha baiskeli waliokuwa wakikutana kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwenye kituo cha petroli Westlands. Kutoka hapo walikwenda mbali: Limuru, Ngong, Thika. Kiongozi wao alikuwa Norman, mpima ardhi mstaafu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye maneno machache. Kiarie alirudi kutoka mkutano wa kwanza akanieleza kwamba baiskeli ya Norman ni ya chuma na ina umri mkubwa kuliko binti yetu Shiru, ambaye yuko chuo kikuu. Alisema hivyo kwa huruma. Hakunieleza kwamba Norman alimwacha nyuma kabla hawajafika Kangemi. Hilo nililijua baadaye.

Mazoezi ya kwanza aliyafanya Lower Kabete Road, upande wa Spring Valley, nami nikimfuata kwa gari. Alikuwa anaogopa mabasi ya matatu, ingawa hakusema hivyo. Alisema waendeshaji wote wakubwa hufuatwa na gari. Sasa, vile viatu vyake vilikuwa vinajifunga kwenye pedali, na ili kushusha mguu ni lazima uzungushe kisigino kwa nje. Aliyemuuzia alimwonyesha mara tatu. Tulipofika pale wanapouza miche kando ya barabara, gari la mbele likasimama, Kiarie akasimama, akasahau kisigino, akaanguka upande mmoja, polepole, kama kabati lililosukumwa, miguu yote miwili bado imefungwa. Mama wa miche ndiye aliyekuja kumfungua. Alipoinuka alinijia dirishani akanilaumu kwamba nilikuwa nimemkaribia mno. Nilikuwa mita thelathini nyuma yake.

Kesho yake nilimsimulia Rael, msusi wangu wa miaka mingi. Rael alikulia karibu na Webuye, na baba yake alikuwa akipeleka magunia ya mahindi sokoni kwa baiskeli. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka, kisha akauliza swali moja tu.

"Na huko Limuru, Madam, huwa anapeleka nini?"

Nilimwambia hapeleki kitu. Anaenda tu, halafu anarudi. Rael alitikisa kichwa taratibu, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akacheka mpaka ikabidi ashikwe kichwa.

Wiki hiyo hiyo aliyojiunga Kiarie, alijiunga pia mwalimu mmoja wa jiografia kutoka shule ya kutwa ya Dagoretti, jina lake Mutie. Alikuwa na miaka thelathini na tano hivi, mpole, mwenye kucheka kwa urahisi. Baiskeli yake aliinunua kwa mtu, tairi la mbele halikufanana na la nyuma, na kichwani alivaa helmeti iliyoandikwa jina la mmiliki wake wa kwanza kwa rangi nyeupe. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wanaanza, Norman aliwapanga waende pamoja. Kiarie alimwita "Mwalimu" kwa sauti ile anayowaitia wapangaji.

Huyo Mwalimu ndiye aliyemfundisha kubadilisha gia kabla ya mlima na si katikati yake. Ndiye aliyetangulia mbele kila upepo ulipokuwa mkali, ili Kiarie ajifiche nyuma ya mgongo wake. Siku Kiarie alipopata pancha Wangige, Mutie alipiga magoti kwenye vumbi akatoa tairi, akaziba mpira, akajaza upepo kwa pampu ya mkono, huku mume wangu amesimama kando akinywa maji na kumwelekeza. Nyumbani nilielezwa kwamba "tulipata pancha tukaitengeneza." Ukweli niliupata kwa Mutie mwenyewe, ambaye aliusimulia kama kichekesho, bila kinyongo.

Nikisema Kiarie hakuwahi kufanya la maana kwenye baiskeli ile nitakuwa nasema uongo. Mwezi wa tatu wa mazoezi alipanda mpaka Limuru bila kusimama hata mara moja. Alirudi amelowa jasho, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

"Nyakio," alisema, "nimepanda yote."

Uso wake kwa dakika ile ulikuwa wa yule kijana aliyekuwa akinisubiri nje ya chuo cha urembo River Road, mvua ikinyesha. Mimi nikamwambia avue viatu asikwaruze sakafu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara nafikia mahali pale pale: nilikosa, lakini mtu hamtendei mwenzake kama alivyokuja kumtendea Mutie eti kwa sababu mke wake hakumsifu.

Baada ya Limuru alikuwa hashikiki. Akaanza kunieleza habari za mapigo ya moyo mezani. Tukipita Waiyaki Way asubuhi kwa gari, aliwanyooshea kidole walinzi na mafundi wanaokwenda kazini kwa baiskeli akisema hawajui kukaa, wanakanyaga kwa visigino, wanajiumiza mgongo. Watu hao walikuwa wameshamaliza kilomita kumi na tano kabla yeye hajapiga mswaki. Na Mutie, ambaye kwa kweli alikuwa amekwisha kumpita kwa nguvu na kwa ujuzi, alimweleza kwangu kama mzigo. Alisema angekuwa mbali sana sasa kama Norman asingemfunga na yule Mwalimu na baiskeli yake ya mitumba.

Ndipo ikaja safari ya Naivasha. Kilomita tisini, kupitia Rironi na kuteremka Mai Mahiu, halafu watu na baiskeli zao warudishwe kwa basi dogo la kukodi. Dereva wa gari la kubeba maji na dawa aliugua, na Kiarie akawaambia mimi nitaendesha, bila kuniuliza. Nilisikia kwanza kutoka kwa Norman, aliyenipigia simu kunishukuru. Nilikubali kwa sababu ya adabu ya Norman, na, sitaficha, kwa sababu nilitaka kumwona Kiarie akishindwa.

Walikuwa kumi na mmoja. Tuliondoka Westlands bado kuna baridi, nami nyuma yao taa za tahadhari zikiwaka. Kufika Kikuyu kikundi kilikuwa kimekatika: tisa mbele, wawili nyuma, Mutie akikata upepo na Kiarie amejibanza nyuma yake kama kawaida. Mutie aligeuka kila baada ya dakika chache kuhakikisha bado wako pamoja, na Kiarie alipobaki, alipunguza mwendo akamngoja. Niliyaona hayo kilomita baada ya kilomita, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kutazama.

Pale juu, mahali magari husimama watu watazame Bonde la Ufa, wote walipumzika. Norman aliwapa maagizo ya kuteremka. Kila mtu akae kushoto kwenye mstari wake, waachane nafasi, mtu asihame kabla ya kuangalia nyuma, na hakuna kupitana. Kiarie hakusikia, alikuwa anajipiga picha na bonde.

Wale tisa walitangulia. Mutie akafuata, kisha Kiarie, kisha mimi. Kona mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Baada ya kona ya pili barabara inanyooka kidogo, na hapo nikamwona Kiarie akiinama na kuanza kumpita Mutie kwa kulia. Mteremko ulikuwa unamsukuma, baiskeli ilikuwa nzuri, na nadhani hakuweza kuvumilia kuona mgongo wa yule mwalimu mbele yake tena. Alipofika sawa naye, lori lililokuwa linapanda likajitokeza kulipita lori lingine, likaingia upande wetu. Lilikuwa bado mbali. Kiarie angeweza kufunga breki. Badala yake alijitupa kushoto bila kuangalia, bega lake likampiga Mutie, na Mutie akatoka kwenye lami, akagonga jiwe la kando, akaruka juu ya usukani.

Kiarie aliyumba, akajiweka sawa. Kisha, kama mita hamsini mbele, aligeuza kichwa akaangalia. Hakutupa tu jicho juu ya bega. Aligeuka kabisa, nikaona ile miwani yake iking'aa kwenye jua. Alimwona mwenzake amelala kwenye kokoto. Akarudisha uso mbele, akainama, akaendelea kuteremka mpaka kona ikamficha.

Nilisimamisha gari. Mutie alikuwa ameketi, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, helmeti imepasuka, shavu limechunika. Karibu na shingo mfupa ulikuwa umesukuma ngozi kutoka ndani kama kidole kilichofunikwa na kitambaa. Kitu cha kwanza aliniuliza ni kama Kiarie yuko salama. Nilimwambia yuko salama. Mama mmoja anayeuza ngozi za kondoo kando ya barabara alikuja mbio na ngozi mpya, nyeupe, akamlaza juu yake, na damu ikaingia kwenye manyoya. Nilipomwambia nitalipia ile ngozi alinikemea, akaniambia nifungue mlango wa gari.

Nilimpigia Kiarie simu mara tatu. Iliita, haikuchukuliwa. Nikampigia Norman, ambaye alikuwa amekwisha kufika Mai Mahiu chini na wenzake. Nilimwambia Mutie ameanguka, namleta hospitali hapo mjini.

"Kiarie amefika sasa hivi," Norman alisema. "Ametuambia Mutie ana pancha, na wewe uko naye."

Ninakumbuka kwamba sikukasirika, na hilo lilinishangaza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimcheka Kiarie, na kumcheka mtu kuna mapenzi yake ndani. Pale barabarani kicheko kiliisha, na kilichokuja mahali pake kilikuwa baridi, hakikuwa hata na kelele.

Hospitalini Norman alikuja peke yake. Alikuwa amewaambia wengine waendelee hadi Naivasha wasubiri kule. Alipomwambia Kiarie waje pamoja, Kiarie alijibu kwamba miguu yake itakaza akisimama. Norman aliyasema hayo bila kuongeza lake, kisha akaenda kuzungumza na daktari.

Nikabaki na Mutie kwenye benchi, tukingoja apigwe picha ya mfupa. Walikuwa wamemdunga dawa ya maumivu na maneno yake yalikuwa yanakuja polepole. Nilianza kumwomba msamaha kwa ajili ya mume wangu. Alinizuia kwa mkono uliokuwa mzima.

"Nilimwona akigeuka, Mama Shiru," alisema. "Nikafikiri anarudi."

Halafu akaniuliza kama baiskeli yake imepinda.

Mke wake alifika mchana na ndugu yake, wakamchukua kumpeleka Nairobi. Mimi na Norman tulipakia baiskeli yake kando ya ile ya Mutie iliyokuwa tayari garini, tukaenda Naivasha. Njiani aliniuliza jambo moja tu, kama nina kiu.

Tuliwakuta kwenye hoteli, sahani za samaki mbele yao. Kiarie alikuwa mwisho wa meza, ameshabadilisha shati, anasimulia. Habari ya pancha ilikuwa imekufa. Sasa Mutie alikuwa ameanguka kwa sababu tairi zake hazilingani, na yeye Kiarie alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja, na baiskeli ya namna ile haifai kuruhusiwa kwenye mteremko. Wengine walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Aliponiona alinisogezea kiti.

Sikukaa. Nilisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Baba Shiru alijaribu kumpita Mutie mahali walipokatazwa, akaogopa lori, akamgonga, akageuka akamwona yuko chini, akaendelea.

"Wewe ulikuwa mbali," Kiarie alisema. "Hukuona kitu."

"Niliona miwani yako. Na Mutie pia aliiona."

Hakuna aliyekula. Norman alivuta kiti akaketi mbele ya Kiarie, taratibu, kama mtu anayeketi kusoma ramani.

"Ulijua ameanguka?"

Kiarie aligeuza chupa ya maji mezani, akaigeuza tena. Alisema lile lori lilikuwa limejaa upande wake wote. Alisema mtu yeyote angeogopa.

"Kuogopa lori naelewa," Norman alisema. "Nakuuliza baada ya lori."

Nilingoja. Hata mimi, kwa wakati ule, kama angesema nilipata hofu, niliona aibu, nimekosa, ningemsogezea sahani. Alitazama wale wanaume na wanawake mmoja mmoja, akitafuta wa kumwonea huruma. Kisha akasema watu wa kikundi hiki wana wivu, tena tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya baiskeli yake. Mwanamke mmoja kijana aliyekaa karibu naye alichukua sahani yake akahamia meza nyingine. Norman akainuka, akamwambia Kiarie asije Jumapili ijayo, wala ile inayofuata, mpaka atakapokwenda kwa Mutie na kumwambia yeye mwenyewe alilofanya.

Kurudi Nairobi hakutaka kupanda lile basi dogo na wenzake. Norman nilimpa kiti cha mbele, na Kiarie akakaa nyuma, kando ya magurudumu ya baiskeli ya Mutie yaliyovunjika. Alijifanya amelala mpaka Westlands. Norman aliposhuka aliniambia asante, akafunga mlango.

Kwa Mutie hakwenda. Mara nne nilimwambia twende pamoja. Kwanza alisema amwache apone. Kisha akasema akienda itaonekana kama anakiri, na mambo ya kukiri yana mawakili. Mwisho akaacha kunijibu. Nilikwenda peke yangu Dagoretti, nikamkuta Mutie amefungwa mkono kifuani anasahihisha madaftari kwa mkono mmoja. Alinionyesha ujumbe aliotumiwa na mume wangu siku ya tatu. Ulikuwa hivi: "Pole Mwalimu. Barabara ni hatari. Tuwe waangalifu." Mke wake aliutazama tena juu ya bega lake, akaenda kutuletea chai.

Kiarie amepata kikundi kingine sasa, cha watu wa Karen. Huko anajulikana kama mtu aliyemaliza Naivasha. Picha aliyojipiga pale juu, bonde nyuma yake, ndiyo iliyo kwenye simu yake, na wenzake wapya wamemwomba awaongoze wanaoanza. Ananieleza hayo mezani. Ninamwuliza kama anataka chai zaidi.

Mutie alikaa miezi minne bila kuendesha. Mwezi wa tano Norman alinipigia simu akaniuliza kama ningekubali kuwafuata tena kwa gari, safari hii mpaka Limuru tu, kwa sababu Mutie anajaribu bega. Kiarie alinisikia nikikubali. Aliniuliza kama sioni haya kutumikia watu waliomtukana mume wangu mbele ya sahani za samaki.

Nilimwambia sioni haya yoyote.

Jumapili hiyo yeye alielekea Karen na sisi tukaelekea juu. Mutie alikuwa wa mwisho tangu mwanzo. Bega lilimuuma, alisimama mara mbili, na mlimani alikwenda polepole hivi kwamba mama mmoja mwenye mkokoteni wa kabeji alikuwa anamkaribia. Magari yalinipigia honi kwa nyuma. Niliwasha taa, nikakaa kwenye gia ya kwanza, nikamfuata.